Klipu ya osiloskopu uibane wapi? Njia za kupima saketi yenye moto, na ipi uchague

Wiki chache kabla ya msimu wa korosho, kijana mmoja ninayemwelekeza kazi alinipigia simu kutoka Masasi. "Shikamoo kaka. Nina mashine ya kuchomelea hapa, hizi za inverta. Inawaka lakini haichomi. Osiloskopu ninayo, ila nimeambiwa kabla ya kupima nikate waya wa ethi kwenye plagi yake. Nikate?"

"Marahaba mdogo wangu. Usikate. Zima kila kitu kwanza, halafu tuongee."

Tuliongea zaidi ya saa nzima. Nayaandika hapa tuliyoyazungumza kwa sababu siku hizi osiloskopu, vifaa vinavyochora wimbi la umeme kwenye kioo, zimeshuka bei, na mafundi wengi wa huku kusini, Mtwara mjini, Newala hadi Lindi, wanazinunua kabla hawajapata mtu wa kuwaonya kuhusu ile klipu ndogo nyeusi inayoning'inia kwenye probu, ule waya wa kupimia. Njia za kupima upande wa moto, yaani ule ulioungana moja kwa moja na umeme wa ukutani, ni kadhaa. Kila moja ina kazi inayoiweza na kazi inayoishinda, na moja kati yake sitaki mtu yeyote aitumie.

Graundi na ethi si kitu kimoja

Fundi redio akisema graundi, anamaanisha sehemu ya saketi anayoihesabu kuwa sifuri. Fundi umeme akisema ethi, anamaanisha waya wa kijani na njano unaoshuka hadi kwenye fimbo iliyochimbiwa nje ya nyumba. Osiloskopu ya mezani imeviunganisha vitu hivyo viwili. Klipu ya probu imeungana na pete ya chuma ya soketi ya BNC, pete imeungana na bodi, na bodi imeungana na ule mguu mrefu wa plagi. Ziwe chaneli mbili au nne, klipu zake zote ni waya mmoja. Chomoa osiloskopu yako ukutani, weka mita kwenye omu, gusa klipu kwa ncha moja na mguu mrefu wa plagi kwa ncha nyingine. Itasoma karibu na sifuri. Jaribu leo, maana ukiliona kwa macho yako hulisahau.

Sasa tazama pawa ya TV. Umeme wa ukutani ni volti 230, hezi 50, na kilele chake kinafika volti 325. Unapita kwenye daraja la dayodi nne na kujaza kapasita kubwa hadi karibu na kilele hicho. Mguu hasi wa kapasita ile ndio graundi ya upande wa moto, na ndipo mkono wa fundi unapokimbilia kubana klipu. Lakini mguu ule hauna udugu wowote na ethi. Kila waya wa moto unapokuwa upande wa hasi, dayodi moja ya daraja inaushika mguu ule na kuuunganisha na waya wa moto wenyewe. Jambo hilo linatokea mara 50 kwa sekunde. Ukibana klipu pale, umeunganisha moto na ethi, na katikati hakuna kizuizi isipokuwa dayodi moja na waya mwembamba wa probu yako.

Nililifanya kosa hili mwenyewe katika miaka yangu ya kwanza, kwenye karakana niliyojifunzia. Ulilia mlipuko kama wa fataki. Dayodi mbili zilipasuka, kioo cha fyuzi kikawa cheusi ndani, na meno ya klipu yakayeyuka yakabaki donge dogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti iliyoungua. Klipu ile nimeitundika kwenye msumari juu ya meza yangu. Anayekuja kujifunza kwangu namkabidhi aishike kiganjani kabla hajashika probu.

Kukata ethi

Kutokana na mlipuko kama ule, watu hupata wazo linaloonekana la akili: kama tatizo ni osiloskopu kuungana na ethi, basi tuikate hiyo ethi. Wengine hukata waya ndani ya plagi, wengine huchomeka kwenye adapta ya miguu miwili, wengine wana ekstensheni ambayo waya wake wa kijani ulishakatika zamani na hawajui. Na kweli, mlipuko hautokei. Wimbi linaonekana vizuri kwenye kioo. Kwa hiyo ushauri huu unasambaa.

Kilichotokea ni kwamba bodi ya osiloskopu sasa imepanda hadi kwenye volti ya ile sehemu uliyobana klipu. Pete za BNC, skrubu za nyuma, chuma cha mlango wa USB, klipu ya chaneli ya pili inayoning'inia juu ya meza, vyote vina moto. Mkono wako uko kwenye vitufe, na sentimita chache pembeni kuna pete ya chuma yenye volti 325 za kilele. Unaposhika pete kuchomoa probu, huku miguu yako iko kwenye sakafu ya saruji yenye unyevu, wewe ndiwe waya wa ethi uliokatwa.

Lipo jambo la hapa kwetu linaloongeza hatari hii, nalo ndilo lililonifanya nimwambie yule kijana azime kwanza. Ethi mbovu ni sawa na ethi iliyokatwa, na ethi mbovu haionekani kwa macho. Sehemu kubwa ya Mtwara mjini imekaa juu ya mchanga, na kiangazi mchanga ule hukauka kabisa. Fimbo iliyochimbiwa kwenye mchanga mkavu inaweza kuwa na ukinzani wa omu 100 au zaidi. Gawa volti 230 kwa omu 100, unapata ampea 2.3. Mkondo huo haukati fyuzi ya ampea 13 iliyomo kwenye plagi. Haukati hata fyuzi ya ampea 3.15 iliyomo kwenye pawa ya TV. Ukibana klipu vibaya kwenye nyumba kama hiyo hausikii mlipuko wowote. Osiloskopu inakaa kimya mezani ikiwa na moto bodi nzima. Karibu na maji ya chumvi, kama kule Mikindani kwenye tope la mikoko, udongo unapitisha umeme vizuri zaidi, lakini chumvi hiyohiyo inaila fimbo na kiunganishi chake. Mita ya kawaida haitakwambia ukweli: ukipima kati ya moto na ethi itasoma 230 hata kama fimbo imebaki uzi wa kutu, kwa sababu mita inavuta mkondo mdogo mno. Mwite fundi umeme mwenye mita maalumu ya kupima fimbo ya ethi, na mwombe apime mwezi wa Oktoba, wakati ardhi imekauka, asipime wakati wa mvua.

RCD, ile swichi inayokata umeme ikihisi mkondo unavuja, nayo usiiegemee peke yake. Zile za aina ya AC, ambazo ziko kwenye nyumba nyingi, zimetengenezwa kuhisi mkondo unaokwenda pande zote mbili. Mkondo unaopita kwenye dayodi ya daraja unakwenda upande mmoja tu, na RCD ya aina hiyo inaweza isiuone. Aina ya A inauona. Maandishi yako usoni mwake, yasome kabla ya kununua.

Basi njia hii naiweka nje ya ulinganisho. Sioni kazi yoyote ya karakana inayoihitaji.

Transfoma ya kutenga

Hii ni transfoma ya 230 kwenda 230 yenye nyaya mbili zisizogusana kabisa. Kinachochomekwa kwenye transfoma ni kifaa unachokipima. Osiloskopu inabaki ukutani na ethi yake kamili. Nimekuta mafundi wameipindua, wametenga osiloskopu na kuacha TV ukutani. Hapo umerudi kulekule kwenye kukata ethi.

Uzuri wake ni kwamba unabana klipu kwenye hasi ya kapasita kubwa na unapima kwa probu yako ya kawaida, bila kupoteza ubora wa wimbi. Kwa anayetengeneza pawa za TV, redio na chaja, nadhani hakuna kitu kitakachomfaa zaidi kwa kila siku. TV ya wati 150 inatosheka na transfoma ya VA 300 hadi 500. Ongeza balbu ya siriz kabla yake, yaani mkondo wote upite kwenye balbu, na umezikinga pia mosifeti, transista za pawa, zisiungue. Ukishindwa kuipata dukani, transfoma mbili zinazofanana za 230 kwenda 24 zikiunganishwa mgongo kwa mgongo, upande wa volti 24 kwa upande wa volti 24, zinafanya kazi hiyo kwa vifaa vidogo. Volti zitapungua kidogo mwishoni, na nguvu utakayopata haizidi ile ya transfoma moja.

Lakini hapa ndipo ninapoona watu wakidanganyika: stabilaiza siyo transfoma ya kutenga. Stabilaiza nyingi tunazonunua kwa ajili ya friji zina waya mmoja tu uliochomolewa sehemu mbalimbali, na nyutro yake inapita moja kwa moja. Ni uzito tu unaozifanya zifanane. UPS nyingi nazo ni vivyo hivyo. Chomoa ukutani, weka mita kwenye omu, pima kati ya miguu ya kuingilia na matundu ya kutokea. Ikisoma chochote kisicho wazi kabisa, haikutengi. Pima pia kati ya matundu ya moto na nyutro na tundu la ethi upande wa kutokea, maana baadhi ya transfoma za kununua zimeunganishwa humo ndani, na kazi uliyoitegemea haipo.

Na kuna ukweli mwingine ambao haupendezi. Ukishabana klipu, kutengwa kumekwisha. Hasi ya kapasita sasa ni ethi, na chanya yake ina volti 325 dhidi ya sakafu unayokanyaga. RCD ya nyumba haitakuokoa kwa sababu iko upande wa pili wa transfoma. Mkono mmoja mezani, mwingine mfukoni au mgongoni. Usibane klipu kwenye sehemu inayorukaruka, kama pini ya mosifeti inayokwenda kwenye transfoma ndogo. Hapo unaburuza osiloskopu nzima pamoja na waya wake kwa kila mruko, na wimbi unaloliona ni la uongo.

Kwa yule kijana wa Masasi njia hii haikuwepo. Transfoma ya kutenga ya kulisha mashine ya kuchomelea ingekuwa mzigo wa watu wawili.

Chaneli mbili kwa kutoa, au probu ya tofauti

Njia hizi mbili naziweka bega kwa bega kwa sababu moja ni ya bure na nyingine bei yake haiko mbali sana na ya osiloskopu ya mezani ya kuanzia, na zinadai kufanya kazi ileile: kupima tofauti ya sehemu mbili bila kubana klipu popote.

Ile ya bure inataka probu mbili zinazofanana za mara 10, yaani zinazogawa volti kwa 10. Klipu zote mbili unazibana zenyewe kwa zenyewe, mbali na saketi. Ncha ya chaneli ya kwanza unaiweka sehemu moja, ya pili sehemu nyingine, kisha unaiambia osiloskopu itoe ya pili kwenye ya kwanza. Chaneli zote ziwe kwenye volti sawa kwa kila mraba wa kioo. Kabla ya hapo rekebisha kila probu kwa lile wimbi la mraba la kilohezi 1 lililo mbele ya osiloskopu, kisha weka ncha zote mbili kwenye sehemu moja ya saketi. Unapaswa kuona mstari mnyoofu. Chochote kinachobaki juu ya mstari ule ni kosa la vifaa vyako, na utaliona tena kwenye kila kipimo utakachofanya. Soma pia volti zilizoandikwa kwenye probu yenyewe, ukikumbuka kwamba uwezo huo hupungua masafa yanapopanda.

Kwa kutazama volti kubwa kama za kapasita, au mruko wa mosifeti ya chini, njia hii inatosha. Inaposhindwa ni kwenye kitu kidogo kilichopanda juu ya kitu kikubwa. Mashine ya kuchomelea ina transista za juu ambazo mguu wao wa chini unaruka kati ya sifuri na volti 325, na ishara ya kuziwasha ni kama volti 15 tu juu ya mruko huo. Ili chaneli zisizidiwe unaweka volti 100 kwa kila mraba. Miraba 8 ni volti 800. Osiloskopu ya biti 8 inaikata hiyo vipande 256, kila kipande volti 3 na ushei. Volti zako 15 zinakuwa ngazi tano za ukungu. Huwezi kuamua kama ishara ni nzima au mbovu.

Probu ya tofauti inafanya hesabu hiyo ya kutoa ndani yake yenyewe kabla ya osiloskopu kuona chochote, kwa hiyo volti 15 zile zinafika kwenye kioo zikiwa volti 15 zinazosomeka. Kwa mfano Micsig DP10013 inafika volti 1300 na megahezi 100, ikiwa na hatua mbili, kugawa kwa 50 na kugawa kwa 500. Osiloskopu inabaki na ethi yake, kifaa kinabaki ukutani, na ukikosea pa kugusa hakuna kinachoyeyuka. Kama unafanya kazi za inverta za sola, mashine za kuchomelea na vidhibiti vya mota, anza na hii kabla ya kitu kingine chochote, hata kama itakubidi ununue osiloskopu ya hali ya chini ili fedha itoshe. Naamini hivyo kabisa. Nimeona watu wakilipia megahezi 200 za osiloskopu kisha wakaipimia mashine ya kuchomelea kwa ethi iliyokatwa.

Ina mapungufu yake. Kwa kuwa inagawa kwa 50 hata kwenye hatua yake ndogo, mawimbi ya milivolti yanazama kwenye kelele yake. Uwezo wake wa kufuta kile kilicho sawa pande zote mbili unashuka masafa yanavyopanda, kwa hiyo kwenye kingo kali za mruko utaona miiba ambayo haipo kwenye saketi. Sokota nyaya zake mbili pamoja, miiba itapungua. Na usisahau kuiambia osiloskopu kwamba probu ni ya 50 au 500, la sivyo, osiloskopu ikiwa imebaki kwenye mara 10 na probu kwenye 500, utasoma volti 6 mahali palipo na 300 ukadhani pamekufa.

Osiloskopu ya betri

Ya mkononi inavutia kwa mtu anayesafiri, kwa mfano fundi anayekwenda kutengeneza pampu ya sola kijijini. Haina ethi, kwa hiyo haileti mlipuko. Lakini nyingi za bei nafuu zina pete ya BNC ya chuma iliyo wazi, na chaneli zake mbili bado zina klipu zilizoungana. Ukibana klipu kwenye moto, pete ina moto na mlango wa USB una moto. Ukiichomeka kwenye chaja au kompyuta wakati wa kupima, umeirudishia ethi kwa mlango wa nyuma.

Zipo zilizotengenezwa kwa kazi hii hasa, kama familia ya Fluke 190, ambazo soketi zake zimefunikwa plastiki na chaneli zimetengwa moja na nyingine. Hizo ni kitu kingine kabisa, na bei yake nayo ni kitu kingine kabisa. Kwa yoyote utakayoshika, tafuta maandishi ya CAT II au CAT III pamoja na volti zake karibu na soketi za kuingizia. CAT II ni kwa vifaa vinavyochomekwa kwenye soketi, CAT III ni kwa mfumo wa umeme wa jengo. Pasipo na maandishi hayo, itumie upande wa baridi tu, yaani ule uliotengwa na umeme wa ukutani.

Zile zinazochomekwa kwenye laptopu kwa USB usizikaribishe upande wa moto hata kidogo. Laptopu nzima inakuwa sehemu ya saketi, pamoja na mikono yako iliyo juu yake.

Wakati probu ya kawaida inashinda zote

Mizani ya kielektroniki ya korosho ni mfano mzuri, na ikifika Oktoba zinakuja nyingi mezani. Mnunuzi na mkulima wote wanaitazama namba ile, kwa hiyo ikicheza kwa gramu mia mbili pana ugomvi. Ndani yake kuna chuma chenye hisi ya uzito ambacho, kikilishwa volti 5 na kuwa cha milivolti 2 kwa volti, hutoa milivolti 10 tu kikiwa kimebebeshwa mzigo wake wote. Hapa probu ya tofauti ya volti kubwa haina msaada, na kutoa chaneli mbili kunaongeza kelele.

Adui wa hapa ni mzunguko wa ethi. Mizani ikiwa imechomekwa ukutani kwa adapta yenye ethi, na osiloskopu ina ethi, umetengeneza duara refu la waya linalopita soketi mbili na ekstensheni. Duara hilo linaokota hezi 50 za nyumba nzima na kuziweka juu ya milivolti zako. Zaidi ya hapo, nyaya mbili za ishara za chuma kile hukaa kwenye kama volti 2.5 dhidi ya graundi ya mizani. Ukibana klipu kwenye mmoja wao, umeuvuta hadi sifuri, na mizani itasoma upuuzi kwa sababu yako wewe. Chomoa adapta. Iache mizani ifanye kazi kwa betri yake ya ndani, mara nyingi ya volti 6. Kisha bana klipu moja, sehemu moja tu, kwenye graundi ya mizani. Ukitumia probu mbili, klipu ya pili iache bila kubana, maana kwenye kazi ndogo hivi klipu mbili kwenye sehemu mbili za bodi ni duara jingine.

Kuna kelele nyingine ambayo haina uhusiano na ethi ya nyumba: urefu wa waya wa klipu yenyewe. Waya wa sentimita 15 una induktansi ya kama nanohenri 150. Ukiungana na pikofaradi 12 za probu ya mara 10, unalia kwenye megahezi 119 hivi. Kingo yoyote kali itaugonga kama kengele, na wewe utaanza kubadilisha kapasita ambazo ni nzima. Vua ile kofia ya ncha ya probu, vaa springi ndogo ya graundi iliyokuja kwenye kifuko chake, gusa graundi iliyo sentimita moja kando. Mlio unapanda hadi zaidi ya megahezi 400, mbali na kazi zetu nyingi. Springi zile watu huzitupa pamoja na kifuko, nami inaniuma kila ninapoona.

Kabla ya kubana klipu popote, upande wowote, nina kipimo kimoja. Mita kwenye volti, ncha moja kwenye pete ya BNC ya osiloskopu iliyochomekwa ukutani, nyingine pale ninapotaka kubana, kwanza AC kisha DC. Ikisoma karibu na sifuri, nabana. Ikisoma volti 60 au 110 za AC kwenye kifaa kisicho na ethi, huenda ni uvujaji wa ile kapasita ndogo ya bluu inayounganisha upande wa moto na wa baridi. Hapo naweka rezista ya kiloomu 47, wati 5, kati ya sehemu hizo mbili na kupima tena. Uvujaji unaanguka hadi volti chache. Moto wa kweli hauanguki, na hapo simsikilizi mtu yeyote anayenishauri nibane.

Alichofanya yule kijana

Alikuwa hana probu ya tofauti, na kutoa chaneli mbili kusingemwonyesha volti 15 za transista za juu. Kwa hiyo nilimpa njia ambayo mafundi wa mashine hizi wanaitumia sana: kupima bila umeme wa moto kuwepo kabisa. Alichomoa mashine ukutani. Alimwaga kapasita kubwa kwa balbu ya wati 100, kwa sababu moja tu ya mikrofaradi 470 kwenye volti 325 inabeba kama jouli 25, na humo zimo kadhaa. Akahakikisha kwa mita kwamba zimefika sifuri. Kisha akachomoa waya unaotoka kwenye pawa ndogo ya ndani na kuilisha bodi ya udhibiti volti 24 kutoka pawa yake ya mezani.

Sasa transista hazikuwa na umeme mkubwa, lakini ishara za kuziwasha zilikuwa zinakuja kama kawaida kupitia transfoma zake ndogo. Probu ya kawaida, klipu kwenye mguu wa chini wa transista, ncha kwenye mguu wa kuwashia. Nilimsisitizia apime moja baada ya nyingine, asitumie chaneli mbili kwa pamoja, kwa sababu klipu mbili zingeziunganisha sehemu ambazo hazitakiwi kuungana.

Aliniwekea simu kwenye spika. "Ya kwanza ni mraba safi, kaka. Ya pili safi. Ya tatu safi." Akanyamaza kidogo. "Ya nne imelala. Kuna kilima kidogo tu."

Ilikuwa rezista moja ndogo ya kwenye njia ya kuwashia, imepasuka katikati, ufa mwembamba kama unywele. Aliutambua alipoinamisha bodi kwenye mwanga wa tochi.